Sfakia: Wilaya ya Krete iliyoipa Ulaya kisogo

Loutro ni kijiji kidogo kwenye pwani ya kusini ya Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Nyumba zake nyeupe zimeizunguka ghuba, nyuma yake mlima umesimama kama ukuta, na mpaka leo hakuna barabara ya gari inayofika huko. Mgeni huja kwa boti au kwa miguu. Katika karne ya 19, wasafiri wa Kiingereza waliopita hapo walinakili maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye jiwe. Ni ya enzi za Kaisari Trajan, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 98 hadi 117. Yanamtaja Epictetus, mtumwa aliyeachwa huru akawa karani wa hesabu, na kazi ya ujenzi iliyofanywa kwa heshima ya Jupiter, Jua na Serapis, mungu aliyeabudiwa sana Misri. Kisha linatajwa jina la msimamizi wa kazi yenyewe: Dionysios mwana wa Sostratos, mtu wa Iskanderia, mshika usukani wa merikebu Isopharia.

Baharia wa Misri anasimamia ujenzi katika kijiji ambacho leo hata lori halifiki. Jambo hilo halilingani kabisa na sifa ya mahali penyewe. Loutro imo katika wilaya ya Sfakia, na Sfakia huelezwa siku zote kuwa pembe iliyojificha, maskani ya wachungaji wakali ambao hakuna mtawala aliyewaweza. Wasfakia wenyewe wanaipenda hadithi hiyo na hawachoki kuisimulia. Lakini hiyo ni hadithi ya mtu anayekuja kutoka kaskazini, kwa nchi kavu, akihema kwa kupanda mlima. Aliyekuja kwa bahari kutoka kusini aliikuta Sfakia mlangoni.

Kiutawala wilaya hii ni sehemu ya Chania, magharibi mwa Krete. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 470 na wakazi kama 2,000 tu. Kaskazini imezibwa na Lefka Ori, yaani Milima Myeupe, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Pachnes, kina mita 2,453 na hubaki na theluji hata watu wa pwani wanapoanza kuogelea. Kusini kuna Bahari ya Libya. Kati ya kilele na bahari hakuna nafasi: mlima unaporomoka moja kwa moja majini, nao umechanwa na makorongo, Samaria, Aradena, Imbros na mengine. Samaria ina urefu wa kama kilomita 16, na mahali pake pembamba, paitwapo Milango ya Chuma, kuta mbili za jabali zenye kimo cha karibu mita 300 zimeachana kwa mita chache tu.

Mawe ya milima hiyo ni ya chokaa, hayashiki maji. Theluji ikiyeyuka huzama ardhini na kutokea tena chini kabisa. Kuna ufuko mmoja kati ya Loutro na mji mdogo wa Chora Sfakion unaoitwa Glyka Nera, Maji Matamu, ambako chemchemi zinabubujika katikati ya kokoto, hatua chache kutoka kwenye mawimbi ya chumvi. Ndiyo maana watu wa hapa waliishi maisha ya kupanda na kushuka: kiangazi juu kwenye malisho yaitwayo madares, wakikamua kondoo na mbuzi na kutengeneza jibini ndani ya vibanda vya mawe, majira ya baridi chini karibu na pwani.

Kwa muda mrefu wanaakiolojia waliipita Sfakia. Katikati ya kisiwa kulikuwa na makasri ya Knossos na Phaistos, yenye picha za ukutani na hazina za kupigiwa picha, na nani angeacha hayo aende kupanda majabali? Mwaka 1987 kikosi kilichoongozwa na wanaakiolojia wawili wanawake, Lucia Nixon na Jennifer Moody, kilianza kazi ya aina nyingine. Hawakuchimba. Walitembea. Walipita mashamba, vichaka na miteremko macho yakiwa chini, wakiokota na kuandika kila kigae cha chungu, kila msingi wa nyumba, kila kisima na njia ya zamani, kuanzia ufukweni hadi kwenye malisho ya juu kabisa. Pamoja nao alikuwapo Oliver Rackham wa Cambridge, bingwa wa historia ya misitu, na Simon Price, mwanahistoria wa Oxford. Muda waliojipangia kuuchunguza ulikuwa mrefu ajabu: kuanzia mwisho wa Zama za Mawe, kabla ya mwaka 3000 KK, hadi mwaka 1900 BK. Waliugawa katika vipindi vitatu, yaani kabla ya historia iliyoandikwa, enzi za Wagiriki na Warumi, na enzi za Bizanti, Venisi na Waturuki. Wanaakiolojia wengi wa Ugiriki hupoteza hamu Warumi wakishaondoka. Hawa walikihesabu kigae cha Mturuki sawa na kigae cha Mgiriki, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wa kazi yao ulipo.

Vigae havisemi habari za wafalme. Husema watu walipika wapi, walihifadhi mafuta na divai wapi, nyumba zilikuwa ngapi. Vigae vya aina moja kutoka Sfakia vinastahili kuangaliwa kwa karibu: vipande vya vyungu virefu ambavyo upande wa ndani vimekwaruzwa mistari mistari kabla ya kuchomwa. Mfinyanzi haharibu chungu cha maji namna hiyo. Mikwaruzo ile ni ya nyuki, wapate mahali pa kushikiza masega yao. Ni mizinga ya udongo ya enzi za Wagiriki na Warumi, na mtaalamu Jane Francis amefanya kazi kubwa kuitambua. Ukienda kwenye sarafu za Tarrha, mji wa kale uliokuwa mdomoni mwa korongo la Samaria, mahali paitwapo sasa Agia Roumeli, utakuta upande mmoja kichwa cha mbuzi na upande wa pili nyuki. Mji ulijitambulisha kwa mali yake. Mbuzi mwitu wa Krete, kri-kri, bado wanarukaruka kwenye kuta za Samaria, na asali ya zaatari bado inauzwa kando ya barabara.

Mji huo wa Tarrha ulimvuta pia Gladys Weinberg, Mmarekani aliyekuwa mtafiti wa vioo vya kale, ambaye alichimba hapo mwaka 1959 na kupata vipande vingi vya vyombo vya kioo. Wagiriki wa kale waliuheshimu kwa sababu nyingine: ilisimuliwa kwamba mungu Apollo, baada ya kumuua joka Python, alikuja kutakaswa hapa katika nyumba ya mtu aitwaye Karmanor. Mahali ambapo leo panaonekana pa mbali palitosha kumwosha mungu damu mikononi.

Miji ya eneo hili ilikuwa midogo, lakini ilikuwa miji hasa, yenye sheria na majeshi yake. Baadhi yake ilijiunga katika shirikisho la Oreioi, watu wa milimani. Katika karne ya 3 KK shirikisho hilo lilifanya mapatano ya kijeshi, si na Athens, si na Sparta, bali na Magas, mfalme wa Kurene, nchi ambayo leo ni mashariki mwa Libya. Kwa mtu wa milima ya Krete huyo ndiye aliyekuwa jirani wa upande wa pili wa maji. Wapiga mishale wa Krete walikuwa mamluki waliotafutwa na wafalme wote wa zama zile, na mfalme wa Afrika aliyehitaji askari alijua pa kugonga hodi. Mwaka 183 KK tunaukuta pia mji wa Anopolis, uliokaa kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha kama mita 600, ukiwa miongoni mwa miji ya Krete iliyotia mkataba na Eumenes wa Pili, mfalme wa Pergamon huko Asia Ndogo. Bandari ya Anopolis ilikuwa chini yake kabisa, nayo iliitwa Phoenix. Wasomaji wengi wa makala hii wameshaisoma habari yake bila kujua kwamba wamesoma habari za Sfakia.

Ni Foinike ya Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo, akiwa mfungwa anayepelekwa Roma, amepandishwa merikebu ya Iskanderia iliyobeba ngano, watu 276 ndani yake. Wamefika Bandari Nzuri, pwani hiyohiyo ya kusini ya Krete lakini mashariki zaidi. Majira ya kusafiri yamekwisha. Paulo anashauri wabaki. Nahodha na mwenye merikebu wanataka kujikokota hadi Foinike, wakapitishe baridi huko. Uamuzi wao umelaumiwa kanisani kwa karne nyingi, lakini jiwe la Loutro linatuonyesha kwamba haukuwa wa kijinga. Merikebu za ngano za Misri ziliijua bandari ile. Wakati wa kiangazi pepo za Mediterania ya mashariki huvuma kutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo chombo kitokacho Iskanderia hakiwezi kukata moja kwa moja kwenda Roma. Hupanda kaskazini hadi pwani za Uturuki wa leo, kisha huteremka na kujificha nyuma ya Krete, kikisogea magharibi kidogo kidogo. Mtu wa Lamu au Pemba, ambaye babu zake walipanga mwaka mzima kwa kusi na kaskazi, haelezwi jambo hili mara mbili. Na palipo na mamia ya watu na shehena ya ngano wakisubiri upepo kwa miezi, lazima kuwe na maji, ghala, hekalu na wajenzi. Dionysios alikuwa akijenga kwenye kituo chake cha kazi, katika mji wa bandari aliouzoea.

Merikebu ya Paulo haikufika. Tufani iliyoshuka kutoka mlimani iliisukuma baharini, ikapita chini ya kisiwa kidogo cha Kauda, na mwisho ikavunjikia Malta. Kauda ndicho Gavdos, kisiwa kinachoonekana kutoka Sfakia siku ambazo hakuna ukungu.

Wataalamu wamebishana kuhusu Foinike yenyewe. Maandishi ya Kigiriki yanasema bandari ilielekea kusini-magharibi na kaskazini-magharibi (tafsiri za Biblia zimetofautiana hapa), ilhali ghuba ya Loutro ya leo inaangalia mashariki. Jibu linaweza kuwa upande wa pili wa rasi, kwenye ghuba ambayo bado inaitwa Foinikas, na sababu ya kutopaona sawasawa ni tetemeko. Alfajiri ya tarehe 21 Julai mwaka 365 bahari ya mashariki ilitikisika. Wanajiolojia wengi wanaamini ni tukio hilo lililoinyanyua Krete ya magharibi juu ya maji kwa kishindo kimoja, karibu mita tisa kule kisiwa kilikoinuliwa zaidi. Ukipita kwa boti kando ya majabali ya Sfakia unauona mstari wa bahari ya zamani umechorwa kwenye mwamba, juu ya kichwa chako. Bandari nzuri zinaweza kugeuka nchi kavu kwa namna hiyo. Wimbi lililozaliwa siku ile lilikwenda kusini. Mwandishi wa Kirumi Ammianus Marcellinus ameeleza jinsi bahari ilivyojivuta nyuma, ikaacha samaki matopeni, kisha ikarudi na kurusha merikebu juu ya mapaa ya nyumba za Iskanderia. Mji huo uliendelea kuiadhimisha siku hiyo kwa miaka mingi.

Uhusiano na kusini huenda ni wa kale kuliko yote haya. Jirani tu upande wa mashariki, karibu na Plakias, watafiti Thomas Strasser na Curtis Runnels walitangaza mwaka 2010 kwamba wamepata zana za mawe wanazozikadiria kuwa na umri usiopungua miaka 130,000. Krete imekuwa kisiwa kwa mamilioni ya miaka. Ikiwa makadirio ni sahihi, viumbe wa kabla ya binadamu wa leo walivuka bahari kuja hapa, na Afrika ni mojawapo ya mahali walikoweza kutokea. Wapo wataalamu wasioyakubali makadirio hayo, na ubishi haujaisha.

Karne za kati nitazipita kwa haraka zaidi. Katika miaka ya 820 Krete ilitwaliwa na Waislamu wa asili ya Andalusia waliokuwa wamefukuzwa Iskanderia, naam, Iskanderia tena, nao wakakitawala kisiwa hadi Mbizanti Nikephoros Phokas alipokirudisha mwaka 961. Koo kubwa za Sfakia hujitafutia asili katika zama zilizofuata: wanasema wazee wao walikuwa vijana kumi na wawili wa kikabaila walioletwa na Kaisari kutoka Konstantinopoli. Hati inayothibitisha jambo hilo ina kila dalili ya kughushiwa baadaye. Koo ngapi za pwani yetu zina shajara za nasaba za namna hiyo? Kilichobaki kwa uhakika ni makanisa. Kati ya Agia Roumeli na Loutro kuna kanisa dogo la Mtakatifu Paulo, limejengwa kwa mawe ya ufukweni karibu kabisa na maji, na hunasibishwa na Yohana Mgeni, mtawa wa karne ya 11 aliyezunguka Krete akijenga nyumba za ibada.

Lucia Nixon aliandika kitabu kizima juu ya makanisa ya namna hiyo, yale yaliyo porini mbali na vijiji, na juu ya vibanda vidogo vya ikoni vilivyo njiani. Msafiri huyaona kama ishara za uchaji tu. Nixon alipoyaweka kwenye ramani aliona mpango: yako kwenye mipaka, kwenye njia za mifugo, karibu na maji, na kibanda cha ikoni mara nyingi husimama pale ambapo kanisa linaonekana kwa mbali. Yalikuwa ibada, na yalikuwa hati ya kumiliki ardhi kwa watu wasio na karatasi.

Wavenisi, walioishika Krete tangu mwanzo wa karne ya 13 hadi 1669, walichoshwa na Sfakia mapema. Kati ya mwaka 1371 na 1374 walijenga ngome kwenye uwanda wa mashariki wa wilaya, ya pembe nne, yenye mnara kila kona na simba wa Mtakatifu Marko juu ya lango. Waliiita ngome ya Mtakatifu Nikitas. Wenyeji, kwa dharau, waliiita ngome ya Mafranki, Frangokastello, na jina la wenyeji ndilo lililobaki. Inasimuliwa kwamba ndugu sita wa ukoo wa Patsos walibomoa usiku kila kilichojengwa mchana, mpaka wakakamatwa na kunyongwa. Huenda ni kweli, huenda ni hadithi. Lakini ngome ilikamilika, na bado imesimama. Hapo ndipo majivuno ya kutotawaliwa yanapogongana na jiwe.

Baada ya Waturuki kuchukua kisiwa, Sfakia ilipata nafuu ya ajabu kwa kuwa maskini na mbali. Wenyeji walirudi baharini. Katika karne ya 18 merikebu zao za biashara zilizunguka Mediterania, na Loutro ilikuwa gati lao la majira ya baridi kama ilivyokuwa kwa Warumi. Kutokana na utajiri huo alitokea Ioannis Vlachos wa Anopolis, mwenye merikebu, msomi kwa viwango vya nchi yake, aliyeitwa Daskalogiannis, yaani Mwalimu Yohana. Urusi ilikuwa vitani na Dola ya Uthmani tangu 1768, na mawakala wa ndugu Orlov, makamanda wa Malkia Katerina, waliwaahidi Wagiriki msaada wakiasi. Daskalogiannis aliamini. Masika ya mwaka 1770 Sfakia ikainuka, ikakataa kodi, wapiganaji wake wakashuka mabondeni.

Manowari za Warusi hazikuja. Zilikuwa na vita vyao, na ziliishinda manowari ya Waturuki huko Çeşme mwezi Julai mwaka huohuo, lakini Krete haikuona hata tanga moja. Jeshi la Uthmani likapanda Sfakia. Vijiji vilichomwa, mifugo ikachukuliwa, wanawake na watoto wakakimbilia ndani ya korongo la Samaria. Mwaka 1771 Daskalogiannis alijisalimisha Frangokastello, katika ngome ileile waliyoichukia mababu zake, akitumaini kuwaokoa waliobaki. Alipelekwa Candia, mji unaoitwa leo Heraklion, na tarehe 17 Juni akachunwa ngozi akiwa hai mbele ya umati.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1786, mtengenezaji jibini asiyejua kusoma wala kuandika, aliyejulikana kama Barba Pantzelios, aliketi na kasisi mmoja akamwimbia kisa chote, na kasisi akakiandika. Ni utenzi wa mishororo zaidi ya 1,000, yenye mizani kumi na tano kila mmoja, inayopandana vina miwili miwili. Kwa mwanahistoria ni hazina, kwa kuwa mtunzi aliishi karibu na matukio na aliwajua watu. Vilevile una upande wake, kama tenzi zote za vita: Wasfakia ni majabali, msaliti daima yuko nje. Daskalogiannis ana sanamu yake Anopolis, na uwanja wa ndege wa Chania unaitwa kwa jina lake. Merikebu hazikupata sanamu. Biashara ya bahari ya Sfakia haikurudi tena ilivyokuwa, na nadhani hilo, kuliko ushujaa wowote, ndilo lililoifanya wilaya kuwa pembe ya wachungaji tunayoijua. Umbali wa Sfakia una tarehe yake ya kuzaliwa.

Uasi mwingine ulitangazwa tarehe 29 Mei 1821 kwenye kanisa la Panagia Thymiani, kijijini Komitades, Ugiriki nzima ilipokuwa ikipigania uhuru. Sultani aliomba jeshi kwa Muhammad Ali wa Misri, na mwaka 1822 Wamisri wakaingia Krete. Pambano linalokumbukwa zaidi lilikuwa Mei 1828, pale Hatzimichalis Dalianis, mpiganaji aliyetoka Epirus na watu wapatao 600, alipojifungia Frangokastello kukabili maelfu ya askari wa Mustafa Pasha. Alikufa yeye na mamia ya watu wake. Tangu hapo wenyeji husema kwamba mwishoni mwa Mei, alfajiri bahari ikiwa shwari, safu ya vivuli vya askari huonekana ikitembea kuelekea ngome kwa dakika chache kisha hutoweka. Huitwa Drosoulites, watu wa umande. Wapo waliofikiri ni mazigazi, picha ya watu wa pwani ya Libya ikisafirishwa na hewa. Sioni ushahidi wa kutosha, ila inafurahisha kwamba hata katika kueleza mizimu yao watu waligeukia Afrika.

Misri iliitawala Krete yote kuanzia 1830 hadi 1840. Chania, mji mkubwa wa kaskazini, ulikuwa na jamii ya Waafrika weusi, watumwa na vibarua waliotoka Afrika Kaskazini na Sudani na vizazi vyao. Wengi waliondoka pamoja na Waislamu wengine baada ya mapatano ya 1923 ya kubadilishana raia kati ya Ugiriki na Uturuki. Sfakia ilishiriki maasi yaliyofuata, kubwa likiwa la 1866 hadi 1869, na Waturuki wakajibu kwa kujenga vituo vya askari juu ya vilima, ambavyo magofu yake mpita njia huyaona hadi leo, moja likiwa juu ya Loutro. Krete ilijiunga rasmi na Ugiriki mwaka 1913.

Mwaka 1941 dunia iliikumbuka tena pwani hii. Wajerumani walishuka Krete kwa miavuli tarehe 20 Mei. Mfalme George wa Pili wa Ugiriki alivuka Milima Myeupe kwa miguu na kupakiwa merikebuni Agia Roumeli. Wiki moja baadaye sehemu kubwa ya jeshi la Waingereza, Waaustralia na Wanyuzilandi, wakiwemo Wamaori, ilikuwa ikiteremka kuelekea Chora Sfakion. Barabara iliishia juu ya jabali kabla ya kufika baharini. Kutoka hapo askari walishuka kwa njia ya mbuzi, usiku, wengi bila viatu vya maana wala maji. Kwa usiku nne manowari za Uingereza ziliwachukua zaidi ya watu 10,000, zikawapeleka Iskanderia. Maelfu waliachwa. Tarehe 1 Juni kamanda wa kikosi cha Australia, Luteni Kanali Theo Walker, alipanda hadi Komitades, kijiji kilekile cha 1821, akajisalimisha kwa niaba yao. Wasfakia waliwaficha baadhi ya askari milimani kwa miezi, na baadhi ya wenyeji walipigwa risasi kwa ajili hiyo.

Amani ilipokuja haikuleta watu. Aradena, kijiji cha kale kilichokaa ukingoni mwa korongo, kilihamwa kwa sababu ya kisasi cha damu kati ya koo mwishoni mwa miaka ya 1940. Daraja la chuma likajengwa juu ya korongo mwaka 1986, na kuna vijana wanaojirusha kutoka juu yake kwa kamba, kwa malipo. Wakazi wa mwisho wa kijiji cha Samaria waliondolewa mwaka 1962 korongo lilipofanywa hifadhi ya taifa. Sasa maelfu kwa maelfu ya watalii huteremka Samaria kila kiangazi, hufika Agia Roumeli wakiwa na malengelenge miguuni, hupanda feri na kupita mbele ya Foinike wakiangalia simu.

Feri hizohizo huenda Gavdos, ardhi ya kusini kabisa ya Ulaya. Kuanzia 2024 boti za wahamiaji zinazotoka Tobruk, mashariki mwa Libya, umbali wa kama kilomita 300, zimekuwa zikifika Gavdos na pwani ya kusini ya Krete kwa wingi, zikibeba Wamisri, Wasudani, Wabangladeshi na wengine. Mwezi Julai 2025 Bunge la Ugiriki lilipitisha sheria ya kusimamisha kwa miezi mitatu kupokea maombi ya hifadhi ya watu wanaokuja kwa bahari kutoka Afrika Kaskazini. Magazeti mengi ya Ulaya yameiita njia hiyo kuwa njia mpya. Kwa yeyote aliyesoma historia ya Sfakia, si kweli.